Maswali yenu: Nati imefika mwisho na valvu bado inavuja

Toleo lililopita niligusia kidogo habari ya gesi inayotoroka kiwandani bila kupita kwenye bomba la moshi, ile inayopenya pembeni mwa stemu ya valvu (ile fimbo inayoifungua na kuifunga), kwenye flenji, kwenye sili ya pampu, haionekani na mara nyingi haisikiki. Nilidhani wachache ndo watasoma, kumbe mafundi wengi mnaishi nayo kila siku. Barua ni nyingi, nimechukua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kama watu nane tofauti wameuliza kitu hichohicho kwa maneno mengine.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi mekanika kwenye plenti ya gesi huku kusini mwa Tanzania. Tuna geti valvu ya inchi 6 inavuja kwenye stemu. Nimekaza nati za glandi mara tatu ndani ya miezi miwili, kila nikikaza inatulia siku mbili tatu halafu inaanza tena. Sasa glandi imeshuka mpaka chini, nati hazina pa kwenda, na opareta analalamika gurudumu halizunguki mpaka achomeke bomba la kuongezea nguvu. Bosi anasema niongeze ringi moja ya pakingi pale juu kazi iendelee. Nifanye hivyo?

Marahaba kijana wangu. Usiongeze hiyo ringi, na hilo bomba la opareta mnyang'anye leo hii, maana stemu ikishapinda hakuna pakingi duniani itakayoikubali.

Ngoja nikueleze kinachoendelea mle ndani ili na wewe ukamweleze bosi kwa hoja. Pakingi, zile ringi laini zinazoizunguka stemu, haizibi kwa kuwepo tu, inaziba kwa kubanwa. Glandi, kile kipande kinachokazwa kwa nati juu yake, inaisukuma kutoka juu, ringi zinafinyika, na zikifinyika zinatanuka kwenda pembeni, ndani zinaibana stemu na nje zinaubana ukuta wa chumba cha pakingi. Sasa ile nguvu ya glandi haifiki chini ikiwa nzima, njiani inaliwa na msuguano, ringi ya juu inabeba mzigo mkubwa, ya pili kidogo, ya tatu kidogo zaidi, na zile za chini kabisa kama ziko nyingi hazisikii chochote. Kwa hiyo ukirundika ringi nane au kumi hujaongeza uzibaji, umeongeza msuguano na umeongeza vitu vya kulegea. Ndo maana siku hizi kwenye pakingi ya grafaiti utakuta ringi 5 tu, tatu za katikati zimegandamizwa kiwandani zikawa kama mkate mgumu, na moja juu moja chini ni za kusuka, kazi yake kuzuia grafaiti isichuruzike nje na kuifuta stemu inapopanda na kushuka.

Nati zikifika mwisho maana yake nyama ya pakingi imeisha. Swali ni imeishaje. Inawezekana mliwekewa pakingi yenye PTFE (ile plastiki ya tefloni) kwenye laini ya moto, ile PTFE ikaondoka taratibu na kuacha nafasi, ukikaza unaziba nafasi hiyo, kesho inafunguka nyingine. Inawezekana aliyepaki mara ya mwisho alitoa ringi mbili za juu akaweka mbili mpya akaondoka, chini kumebaki masizi ya miaka kumi. Na inawezekana, hii ndo ninayoiogopa zaidi kwa nyinyi mlio pwani, kwamba stemu yenyewe imeliwa. Grafaiti na chuma cha stemu vikikaa pamoja na unyevu wa chumvi vinafanya kazi kama betri, na anayeliwa ni chuma. Nimeshaona valvu mpya, bado ina plastiki ya stoo, ilipimwa kwa maji kiwandani haikukaushwa vizuri, ikakaa stoo ya pwani karibu mwaka mzima, tulipovuta stemu tukakuta vishimo kama vya ndui pale pale pakingi ilipokuwa imekaa. Haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Kwa hiyo kazi yako ni kuipaki upya, yote, na sio mbio mbio. Omba pamiti, laini itengwe, presha itolewe mpaka sifuri na uthibitishe mwenyewe kwa geji na kwa kufungua drein, funga kufuli lako. Hapa naomba unisikilize kama mtoto wangu wa kumzaa. Kuna watu watakwambia fungua valvu mpaka mwisho ikae kwenye kiti cha nyuma, ile sehemu ya ndani inayoziba chini ya pakingi stemu ikiwa juu kabisa, kwamba hapo unaweza kutoa pakingi laini ikiwa na presha. Usifanye. Kile kiti hukioni, hujui kina kutu au kokoto kiasi gani, na uso wako uko sentimita thelathini kutoka hapo. Nilipokuwa kijana kwenye kiwanda kimoja tulifanya hivyo kwenye laini ya stimu kwa sababu uzalishaji haukutaka kusimama, na mwenzangu tuliyekuwa tunashikiana spana aliungua mkono mpaka kwenye kiwiko, mpaka leo vidole viwili havikunji. Hakuna uzalishaji wenye thamani hiyo.

Ukishakuwa salama, toa pakingi yote kwa ile ndoano ya kuzungusha kama skrubu, toa mpaka uone chuma cha chini, tochi iingie, hesabu ringi ulizotoa. Wengi wanakosea hapa, ringi ya chini inagoma kutoka wanaiacha. Usichokonoe kwa bisibisi, utaikwaruza stemu wakati umekuja kuiponya. Halafu pitisha ukucha kwenye stemu kutoka juu kwenda chini, taratibu, pande zote. Ukucha ukikwama mahali, gesi nayo itapita hapohapo. Mkwaruzo mdogo unaweza kupolishwa, vishimo ni stemu mpya, usijidanganye. Angalia pia kama imepinda, na pima nafasi kati ya stemu na glandi, ikiwa kubwa sana pakingi itapenya juu.

Kupaki sasa. Ringi moja moja. Kama ni za kukata, kata kwa mshazari wa digrii 45, na kila maungio yakae mbali na ya chini yake, robo mzunguko au zaidi, yakipangana mstari mmoja umetengeneza barabara. Kila ringi uisindilie hadi ikae ndo uweke nyingine, usitupie zote tano ukategemea glandi izivute. Paka lubrikanti kwenye nyuzi za bolti za glandi, maana bolti kavu inakudanganya, toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, inasoma namba nzuri kumbe nguvu imeishia kwenye nyuzi. Kaza nati kidogo huku kidogo kule, na uchukue kalipa upime pengo la glandi pande zote mbili, lisipolingana glandi imelala upande na pakingi itavuja upande wa pili. Ukifika nusu ya toki anayosema mtengenezaji, fungua na funga valvu, rudi kaza, fungua na funga tena, mara tatu hadi tano, mpaka nati isogee kidogo sana au isisogee kabisa. Hapo ndo pakingi imekaa. Fundi akimaliza bila kuizungusha valvu hata mara moja, kazi yake wiki mbili haifiki.

Na kama hiyo valvu inafunguliwa mara kwa mara, au iko kwenye joto linalopanda na kushuka, muombe bosi springi za sahani, zile za Belleville, zinakaa chini ya nati za glandi. Pakingi ikilegea kidogo zenyewe zinasukuma, badala ya wewe kurudi na spana kila baada ya wiki mbili. Sio dawa ya stemu mbovu, lakini kwenye stemu nzima zinasaidia sana.

Mhandisi habari za kazi. Mimi ni binti, nasoma uhandisi kemikali hapa Dar mwaka wa tatu. Tuko na ubishi darasani. Wenzangu wanasema mivujo ya valvu ni midogo mno ukilinganisha na gesi inayochomwa kwenye mwenge wa plenti, kwamba ni kupoteza muda. Mimi naona sio hivyo ila sina namba.

Nzuri binti yangu. Namba hizi hapa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba rifainari au kiwanda cha kemikali cha kawaida kinaweza kuvujisha tani 600 hadi 700 za mvuke wa kemikali kwa mwaka kupitia valvu, viungo, pampu na vinginevyo. Rifainari ya kawaida kwa hesabu yao ina valvu kama 7,400 na viungo kama 12,000. Na kati ya vyote hivyo valvu ndo chanzo kikubwa kuliko vingine, kwa sababu rahisi tu, flenji imekaa kimya lakini stemu inatembea.

Ila sehemu ambayo ningependa uipeleke darasani ni hii. EPA hao hao wana fomula ya kugeuza namba ya mita ya kupimia gesi kuwa kilo. Valvu inayosoma 500 ppm (sehemu 500 za gesi katika sehemu milioni za hewa), kwa fomula ya sekta ya mafuta, inapoteza kama kilo 2 kwa mwaka mzima, kweli ni kidogo. Lakini valvu ambayo mita imegonga mwisho pale 100,000 ppm inahesabiwa gramu 140 kwa saa, zidisha kwa saa 8,760 za mwaka unapata zaidi ya kilo 1,200. Yaani valvu moja mbovu sawa na mia sita zile ndogo. Wenzako wako sahihi kwamba mivujo mingi ni midogo, wanachokosa ni kwamba huwezi kujua ipi ndo ile kubwa mpaka uende ukapime zote, na hiyo kubwa haina tangazo, imekaa katikati ya nyingine imepakwa rangi vizuri.

Tena mwenge unaichoma ile gesi, sehemu kubwa inageuka kaboni dayoksaidi. Ya valvu inatoka mbichi. Gesi yetu ya Songo Songo ambayo inakuja Dar tangu 2004 karibu yote ni methani, na methani ikilinganishwa kilo kwa kilo na kaboni dayoksaidi inaipasha dunia joto kama mara 28 kwa kipindi cha miaka 100, na ukihesabu miaka 20 tu ni zaidi ya mara 80. Na yenyewe haina harufu kabisa. Kwa hiyo pua sio kipimo.

Wanapimaje? Kuna utaratibu wa EPA unaitwa Methodi 21. Unachukua mita ya mkono iliyokalibretiwa kwa gesi ya kupimia, unaweka ncha ya mrija pale stemu inapotokea kwenye glandi, unazunguka nayo taratibu, ikipanda unasimama hapo mpaka uone namba ya juu kabisa, ndo unaandika. Sheria zao za zamani zilisema valvu ikifika 10,000 ppm imevuja, baadaye kwa viwanda vingi wakashusha hadi 500. Ikivuja, jaribio la kwanza la kuirekebisha ndani ya siku 5 na iwe imepona ndani ya siku 15. Mimi hiyo kalenda naipenda, maana huku kwetu valvu inawekwa kitambaa chekundu kinachakaa hadi kinakuwa cheupe.

Hata kama chuo hakina mita, maji ya sabuni yanakubalika kwenye utaratibu huohuo kama njia ya kuchuja, mradi sehemu haisogei muda wote, haina moto wa kuchemsha sabuni wala baridi ya kuigandisha. Hakuna povu, endelea mbele. Kuna povu, lete mita. Kuna na kamera za infraredi zinazoonyesha gesi kama moshi, nzuri sana kukamata ile mikubwa kutoka mbali, ila midogo zinaipita.

Assalaam aleikum. Niko Oman, nafanya manunuzi kwenye kiwanda cha petrokemikali, asili yangu Zanzibar. Tunaletewa vyeti vya valvu, mmoja ana API 624, mwingine ana ISO 15848-1, kila mmoja anasema yake ni bora. Nichukue ipi?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Vyote ni viwango vya kupima uvujaji wa valvu, API ni ya taasisi ya petroli ya Marekani, ISO ni ya shirika la viwango la kimataifa. Usizilinganishe namba kwa namba, hazilingani. API 624 ni ya valvu za stemu inayopanda zenye pakingi ya grafaiti, wanatumia methani, wanaifungua na kuifunga mara 310 huku wakiipasha moto na kuipoza mara 3, na haitakiwi ipite 100 ppm, wala hairuhusiwi kukazwa katikati ya jaribio. Hicho cha kutokukaza mimi nakithamini kuliko vyote. Valvu za robo mzunguko kama bolu valvu zina ya kwao, API 641. ISO 15848-1 inaweza kupimwa kwa heliamu au methani, ina madaraja A, B, C, na idadi ya mizunguko inatofautiana, kwa valvu za kufunga inaanzia 205, kwa kontro valvu inaanzia 20,000. Kwa hiyo mtu akikwambia tu "tuna ISO 15848" hajakwambia kitu, muulize daraja gani, mizunguko mingapi, gesi gani, joto gani. Daraja A kwa kawaida ni la valvu zenye belosi, ile mirija ya chuma yenye mikunjo inayofunika stemu, bei yake unaijua, ichukue kwa vitu vya sumu kali.

Halafu ukumbuke cheti ni cha valvu ya mfano iliyopimwa, hiyo iliyofika kwako haijapimwa hivyo. Waombe wachague kadhaa kutoka kwenye mzigo wako wazipime, ISO 15848-2 ipo kwa ajili hiyo. Na pakingi ya akiba inunuliwe ileile iliyopita jaribio. Nimeona watu wananunua valvu ya cheti kwa pesa nyingi, mwaka wa pili wanaipaki kwa kamba ya dukani, basi cheti kimebaki ukutani.

Sasa ndugu mhandisi, nafanya kazi kwenye mvuke wa ardhini huku Naivasha. Kuna valvu fulani asubuhi ilikuwa ikinuka mayai viza, kufika saa sita harufu ikaisha yenyewe. Imejiziba?

Salama ndugu. Usikae hapo ukifikiria imejiziba! Harufu hiyo ni haidrojeni salfaidi, na hiyo gesi inaua pua kabla haijakuua wewe, ikifika kama 100 ppm pua inachoka haraka na unaona hewa ni safi. Hata kiwango cha chini ukikaa nacho masaa, pua inazoea. Toka, simama upande upepo unakotokea, vaa ditekta yako kifuani karibu na pua sio kiunoni, na mtu asirudi pale peke yake mpaka apime. Ni nzito kuliko hewa pia, inashuka kwenye mashimo ya valvu, na huko ndo watu wanakoanguka, anaanguka wa kwanza, wa pili anaingia kumtoa naye anabaki.

Shikamoo. Ni fundi wa friji kiwanda cha samaki Mwanza, mashine ni za amonia. Kwenye chumba cha kompresa kuna harufu siku zote, macho yanawasha, meneja anasema amonia lazima inuke kidogo ndo kawaida yake. Bajeti ya mita hakuna. Nianzie wapi?

Marahaba. Kwanza, sio kawaida. Amonia inanuka hata ikiwa ppm chache tu, lakini macho yakishawasha kila siku ujue kiasi sio kile cha kunusa tu. Kiwango wanachopendekeza wataalamu wa afya kazini wa Marekani kwa siku nzima ya kazi ni 25 ppm, na 300 ppm ni hatari ya papo kwa papo, hapo hukai bila kifaa cha kupumulia. Mwambie meneja pia kwamba kila harufu ni amonia aliyoinunua, mwisho wa mwaka mnaongeza silinda mnasema mashine inakula gesi. Mashine haili gesi. Mfumo umefungwa, kilichopungua kimetoka.

Kutafuta bila mita inawezekana, mafundi wa friji wamefanya hivyo miaka mingi. Nunua karatasi nyekundu za litmasi kwenye duka la vifaa vya maabara, bei yake ni ndogo, lowesha kwa maji safi, ipitishe karibu na stemu, karibu na glandi, kwenye maungio. Ikigeuka bluu umeipata. Nenda valvu moja baada ya nyingine na daftari, kila valvu ipe namba, ipake rangi au funga kibati, andika bluu sana, bluu kidogo, haikubadilika. Fanya asubuhi baada ya chumba kupigwa hewa, maana chumba kikiwa kimejaa karatasi itageuka bluu hata mlangoni haitakwambia kitu.

Halafu angalia kofia. Valvu nyingi za amonia za kufungwa kwa mkono zina kofia inayofunika stemu yote, na ndani yake kuna gasketi au oringi. Nikiingia chumba cha kompresa kitu cha kwanza natazama kofia, na mara nyingi nazikuta juu ya dirisha zimepangwa, mtu alifungua siku ya matengenezo hakurudisha kwa sababu "tutaifungua tena kesho". Kila valvu isiyozungushwa kila siku irudishiwe kofia. Ukiifungua siku nyingine ifungue taratibu, simama pembeni, maana kama pakingi ilikuwa inavuja presha imejikusanya humo chini. Vilevile kila mdomo wa bomba ulioachwa wazi baada ya valvu, ule wa kutolea mafuta au kuchajia, uwe na plagi au valvu ya pili. Na ukikuta mtu amefunga kipande cha shaba au brasi kwenye laini hiyo kitoe, amonia inakila.

Kupaki ukifika, yote niliyomwambia fundi wa kusini yanakuhusu, pamoja na lile la kiti cha nyuma. Ila anza na kofia na plagi, hizo hazihitaji shatidauni wala bajeti, ni wewe, spana na oringi chache. Zikishakaa, pitisha karatasi upya kwenye valvu zilezile ulizoandika bluu sana, na uniandikie zimebaki ngapi. Zitakazobaki ndo tutakaa mimi na wewe tuzipangie pakingi, namba kwa namba.